TELEVISHENI ILIYOCHUKULIWA KWA DENI
Kisa cha NDTV India na funzo lake kwa vyama vya wafanyakazi

Ndugu wafanyakazi,

Tunapozunguka matawini, swali moja hutufuata kila mahali: kwa nini sisi tukigoma, televisheni huonyesha lango lililofungwa na polisi waliosimama, lakini haionyeshi karatasi ya mshahara iliyotufanya tugome?

Jambo hili si la kuambiwa, tumelishuhudia wenyewe. Katika mgomo mmoja wa kiwandani gari la televisheni lilifika asubuhi, wakashuka vijana wawili, mmoja na kamera na mwingine na kinasa sauti. Walitusikiliza karibu saa nzima. Mama mmoja wa idara ya kufungasha bidhaa aliinua mikono yake iliyobabuliwa na dawa, nao wakaipiga picha. Jioni tulijazana mbele ya televisheni ya dukani. Meneja alisema maneno yake yote. Sisi tulionekana kwa mbali tukiimba, bila sauti. Mikono ya yule mama haikuonekana kabisa.

Kesho yake kijana wa kamera alitupigia simu kutuomba radhi. Alisema picha zilikatwa ofisini na mtu ambaye yeye hawezi kubishana naye. Kisha akaongeza, kwa haya, kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu. Tulimwuliza yumo katika chama gani. Akasema kwao hakuna chama.

Tangu siku hiyo tumefahamu kwamba swali la wanachama wetu lina pande mbili. Upande mmoja ni habari zetu zinazokatwa. Upande wa pili ni mfanyakazi mwenzetu anayezikata au anayeona zikikatwa akanyamaza, kwa sababu naye ana tajiri, ana kodi ya nyumba, na hana wa kumtetea.

Ili tulielewe jambo hili vizuri, leo tunawaletea kisa cha kituo kimoja cha televisheni cha India kinachotangaza habari kwa lugha ya Kihindi. Tumechagua India kwa sababu mbili. Kwanza, mambo ya kituo hiki yako wazi katika karatasi za mahakama na za soko la hisa, wala si uvumi. Pili, tajiri aliyekinunua si mgeni katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

KITUO CHENYEWE

Kwa miaka mingi India ilikuwa na televisheni moja tu, ya serikali, iitwayo Doordarshan, iliyoanza mwaka 1959. Mume na mke, Prannoy Roy na Radhika Roy, walianzisha kampuni ya NDTV katika miaka ya 1980, wakawa wanatengeneza vipindi vya kuiuzia Doordarshan. Milango ya televisheni za watu binafsi ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, kampuni yao ilikua. Mwaka 2003 walianzisha vituo viwili vya habari vya mchana na usiku: kimoja cha Kiingereza, NDTV 24x7, na kimoja cha Kihindi, NDTV India.

Tofauti ya vituo hivi viwili ni kubwa kuliko lugha. Kiingereza cha India ni lugha ya ofisi kubwa na mahakama kuu. Kihindi ndicho lugha ya dereva, karani, mkulima na mlinzi wa usiku. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, watu milioni 528 walisema Kihindi ni lugha yao ya kwanza. Kwa hiyo anayeshika kituo cha habari cha Kihindi anashika sikio la wafanyakazi wengi kuliko idadi ya watu wote wa nchi zetu hizi tukizijumlisha.

MTU WA BARUA

Mtangazaji aliyekijulisha kituo hiki zaidi ni Ravish Kumar, mwenyeji wa jimbo la Bihar, ambako vijana wengi hutoka kwenda kutafuta vibarua Delhi na kwingineko. Alijiunga na NDTV mwaka 1996. Hakuanza mbele ya kamera. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga barua za watazamaji: kuzifungua, kuzisoma, na kuchagua zipi zijibiwe.

Yafaa tukumbuke kazi hiyo ya barua, maana hata alipokuwa mtangazaji aliendelea kuwasomea watu barua zao, kwa namna nyingine. Katika kipindi chake cha awali alikwenda mitaa ya wahamiaji pembezoni mwa Delhi akaonyesha vyumba wanavyolala wafanyakazi. Baadaye, katika kipindi cha jioni kiitwacho Prime Time, aliendesha mifululizo mirefu juu ya mambo ambayo televisheni nyingine ziliyaona hayana mvuto. Mwaka 2018 alishika suala la vijana waliofanya mitihani ya kuingia kazi za serikali, wakafaulu, kisha wakakaa miaka bila kupewa barua za kuanza kazi. Mwaka huohuo alitangaza malalamiko ya wafanyakazi wa benki: mishahara isiyopanda, na makarani wanaolazimishwa kuwauzia bima wateja wasioihitaji.

Ndugu msomaji, kama unadhani hayo ni mambo madogo, fikiri hesabu hii. Februari 2018 Shirika la Reli la India lilitangaza nafasi za kazi karibu 90,000. Walioomba walikuwa zaidi ya milioni 20. Habari ya ajira katika nchi kama hiyo yafaa iwe ya kwanza kila jioni. Lakini katika vituo vingi vya Kihindi jioni ilikuwa saa ya wageni wanane kupigiana kelele juu ya dini na adui wa nje.

Mwaka 2019 Ravish Kumar alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya bara la Asia inayotolewa Manila, kwa kazi hiyo ya kuwapa sauti watu wasiosikilizwa. Sambamba na sifa yalikuja matusi na vitisho vya kuuawa, naye aliyasema hadharani.

SKRINI NYEUSI NA SIKU MOJA YA KUFUNGIWA

Mwaka 2016 ndio uliokuwa mzito. Mwezi Februari, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru mjini Delhi, Kanhaiya Kumar, alikamatwa kwa madai ya uchochezi baada ya mkutano chuoni. Vituo kadhaa vilimhukumu kabla ya hakimu. Waandishi wa habari waliokwenda mahakamani kufuatilia kesi yake walipigwa. Tarehe 19 Februari, Ravish Kumar alifungua kipindi chake kwa skrini nyeusi. Aliwaambia watazamaji kwamba televisheni zao hazijaharibika. Giza lile, alisema, ndiyo picha ya televisheni ya siku hizo. Kisha akawasikilizisha sauti tupu za makelele ya vituo vingine, bila picha.

Mwezi Novemba ilikuja zamu ya serikali. Wizara ya Habari iliamuru NDTV India ifungwe kwa saa 24, siku ya tarehe 9 Novemba 2016. Kosa lililotajwa lilikuwa la mwezi Januari mwaka huo, wapiganaji walipoishambulia kambi ya ndege za jeshi ya Pathankot. Serikali ilisema kituo kilitaja mambo ya siri ya kambi, kama vile mahali pa silaha, wakati mapigano yakiendelea, kinyume cha kanuni iliyowekwa mwaka 2015. Kituo kilijibu kwamba mambo hayo yalikuwa yamekwisha tangazwa na vituo vingine na kuandikwa magazetini, na kwamba kimechaguliwa peke yake kuadhibiwa.

Hapa tuseme haki. Kulinda maisha ya askari walio vitani ni jambo la maana, na mwandishi anayetaja mahali walipo anaweza kuwaua. Lakini kama kosa ni la wengi, akapigwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeuliza maswali, hapana budi watu wajiulize fimbo hiyo ni ya kosa gani.

Chama cha Wahariri cha India kililaani amri hiyo. Waandishi wa vituo vingine, hata wasioipenda NDTV, waliipinga. Ravish Kumar alifanya kipindi kizima akiwahoji wasanii wawili wa maigizo ya kimya, maana kama kuuliza ni kosa, basi na tuone mahojiano yasiyo na maneno. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu ya Juu, na tarehe 7 Novemba, siku mbili kabla ya kufungwa, serikali iliisimamisha amri yake.

Huo ulikuwa ushindi, na ulitokana na watu kusimama pamoja. Wengi waliamini hatari imepita. Hawakujua kwamba kamba iliyokuwa shingoni mwa kituo haikuwa ile ya wizara. Ilikuwa imefungwa miaka saba nyuma, tena na wenye kituo wenyewe.

KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA

Mwaka 2008 wenye NDTV walitaka kununua hisa zaidi za kampuni yao. Walikopa. Soko la hisa likaanguka dunia nzima, deni likabaki. Walikopa tena benki ili kulipa deni la kwanza. Mwaka 2009 wakapata mkopo wa tatu ili kuilipa benki: rupia milioni 4,038 hivi, bila riba.

Tajiri akikukopesha fedha nyingi hivyo bila riba, muulize faida yake iko wapi. Mkopeshaji alikuwa kampuni ndogo iitwayo VCPL, ambayo fedha zake zilitoka upande wa Reliance, kampuni ya tajiri mkubwa Mukesh Ambani. Faida ilikuwa ndani ya mkataba. Akina Roy walikuwa na kampuni yao ya kutunzia hisa, jina lake RRPR, na hiyo ilishika asilimia 29 ya NDTV. Mkataba ulimpa mkopeshaji hati ya kuligeuza deni kuwa hisa wakati wowote apendao, na akifanya hivyo angeichukua RRPR karibu yote, asilimia 99 na zaidi.

Kwa maneno mengine, waliweka rehani nyumba, na hati ya nyumba ikakaa mfukoni mwa mtu mwingine. Wao waliendelea kulala ndani, kupika ndani na kukaribisha wageni.

Je, wafanyakazi wa kituo waliambiwa? Wenye hisa wadogo hawakuambiwa. Desemba 2020 mamlaka ya masoko ya hisa ya India, SEBI, iliwatoza faini akina Roy kwa kuficha mikataba hiyo, ingawa baada ya rufani faini ilipunguzwa mwaka 2022. Kama mwenye hisa anayelindwa na sheria alifichwa, mpiga picha na dereva wangeambiwa na nani?

Deni lilikuwa pia mlango wa serikali kuingilia. Juni 2017 askari wa upelelezi wa CBI walipekua nyumba ya akina Roy kwa madai kwamba benki iliyowakopesha ilipata hasara. Kampuni ilisema huko ni kuonewa, na waandishi mashuhuri wa India walikusanyika Delhi kuiunga mkono. Mwaka 2024 wapelelezi hao walifunga faili, wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha. Miaka saba ilikuwa imepita, na kituo kilikuwa kimekwisha badili mwenyewe.

WALE WA KAMERA

Sasa tunafika mahali ambapo watu wengi wanaoisifu NDTV hupita haraka. Sisi wa vyama hatuwezi kupita haraka.

Mwezi mmoja tu baada ya mkutano ule wa kuitetea, Julai 2017, kampuni ilianza kupunguza wapiga picha na mafundi. Sababu iliyotolewa ni kwamba waandishi wangejipigia picha wenyewe kwa simu ya mkononi. Desemba mwaka huohuo ikatangaza katika soko la hisa mpango wa kupunguza hadi robo ya wafanyakazi wake ili kuokoa gharama.

Mpiga picha aliyebeba kamera begani miaka kumi na mitano, katika mafuriko na katika mabomu ya machozi, aliambiwa kwamba simu inatosha. Hakuna skrini iliyofanywa nyeusi kwa ajili yake. Chama cha Wahariri hakikumtetea, kwa kuwa yeye si mhariri. Na sheria? India ilikuwa na sheria nzuri ya mwaka 1955 iliyowalinda waandishi na wafanyakazi wa magazeti, yenye bodi za mishahara. Lakini mwaka 1955 televisheni haikuwapo India, na sheria ile haikuwataja watu wake. Vituo vya televisheni vilikua vikiwa nje ya sheria hiyo, kwa mikataba ya mtu mmoja mmoja, na kwa waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa kila habari iliyotumika. Serikali ilipitisha sheria mpya za kazi mwaka 2020 ambazo zinawataja watu wa redio na televisheni, lakini vyama vikuu vya wafanyakazi vya India vilizipinga sheria hizo kwa jumla, vikisema zinarahisisha kufukuza watu na kubana migomo.

Wala si NDTV peke yake. Agosti 2013 kampuni nyingine, yenye kituo cha Kihindi cha IBN7, iliachisha kazi watu zaidi ya 300 kwa mkupuo mmoja. Waliobaki waliendelea kutangaza habari za jioni.

Hatusemi kwamba NDTV ilikuwa sawa na vituo vya uchochezi. Haikuwa sawa, na mfanyakazi wa benki wa India anajua hivyo. Tunasema kwamba tajiri mwenye maneno mazuri ni tajiri vilevile. Kituo kiliweza kutetea wafanyakazi wa benki kwenye skrini na kuwaachisha wa kwake nyuma ya skrini. Na nguvu ya wafanyakazi iliyokosekana mwaka 2017 ilikosekana tena siku ya hukumu ilipofika.

AGOSTI 2022

Siku hiyo ilikuwa tarehe 23 Agosti 2022. Kampuni ya Gautam Adani, tajiri wa bandari, makaa ya mawe, umeme na viwanja vya ndege, aliyehesabiwa mwaka huo miongoni mwa matajiri watatu wa kwanza duniani, ilitangaza kwamba imeinunua VCPL kwa rupia milioni 1,137. Pamoja na VCPL ilinunua ile hati ya deni. Mara moja ikaitumia kudai hisa. NDTV ilitoa taarifa kwamba waanzilishi hawakuulizwa wala hawakukubali. Lakini walikuwa wamekubali, tangu 2009, kwa saini zao.

Adani anatoka jimbo la Gujarat kama Waziri Mkuu Narendra Modi, na wapinzani wa serikali wamedai siku nyingi kwamba hupendelewa. Yeye hukanusha. Juu ya kituo, alisema kwamba uhuru wa habari ni kuisema serikali inapokosa, na pia kuwa na ujasiri wa kuisifu inapofanya vyema.

Mambo yakaenda upesi. Novemba 29 akina Roy walijiuzulu katika bodi ya RRPR. Novemba 30 Ravish Kumar alijiuzulu, baada ya miaka 26. Mwisho wa Desemba akina Roy waliuza sehemu kubwa ya hisa walizobakiwa nazo, na Adani akawa na asilimia 64 na zaidi. Katika miezi ya kwanza ya 2023 watangazaji na wakubwa kadhaa wengine waliondoka.

Ravish Kumar aliendelea kutangaza kwa njia ya intaneti, na mamilioni walimfuata huko. Mtu mwenye jina huweza kuondoka na jina lake. Lakini mhariri wa picha, fundi wa taa, mpishi wa kantini na mwandishi wa wilayani hawana jina la kuondoka nalo. Wao walihesabiwa pamoja na viti na magari, wakaamka asubuhi na tajiri mwingine.

HABARI ZA KUPAKATWA

Ravish Kumar alieneza msemo ambao leo kila mtu wa India ya kaskazini anaujua: "godi media". "Godi" ni mapaja. Ni vyombo vya habari vilivyopakatwa, kama mtoto anavyopakatwa na mama: haviogopi kuanguka, na haviulizi vinapelekwa wapi.

Chombo hakipakatwi kwa hofu peke yake, njaa nayo imo. Kituo cha habari huishi kwa matangazo ya biashara, na mmoja wa watangazaji wakubwa ni serikali yenyewe. Bei ya tangazo hufuata hesabu ya watazamaji, ambayo mwaka 2020 ilichukuliwa kwa mashine zilizowekwa katika nyumba zisizofika 50,000 kwa nchi nzima. Oktoba mwaka huo polisi wa Mumbai walidai kwamba baadhi ya vituo vilihonga wenye nyumba hizo, na hesabu ya vituo vya habari ikasimamishwa hadi Machi 2022. Kelele huvuta hesabu, hesabu huleta matangazo. Mishahara ya vijana wa ofisini hutoka hapo.

Matokeo yake waliyaona wakulima. Mwishoni mwa Novemba 2020 wakulima wa Punjab na Haryana walianza kuandamana kwenda Delhi kupinga sheria 3 za kuuza mazao. Safari yao ilianza pamoja na mgomo wa nchi nzima wa vyama vikuu vya wafanyakazi wa tarehe 26 Novemba. Walipozuiwa mipakani mwa mji walipiga kambi katika matela ya matrekta yao, wakakaa zaidi ya mwaka katika baridi, jua na mvua. Vituo vingine vikawaita wasaliti wanaotaka kuigawa nchi. Wakulima walijibu kwa mabango: watu wa habari za kupakatwa rudini mlikotoka.

Kisha wakafanya jambo la maana zaidi. Desemba 18, 2020, walitoa gazeti lao wenyewe, kurasa 4, kwa Kipunjabi na Kihindi, nakala 2,000 za kwanza. Waliliita Trolley Times, kwa jina la yale matela waliyolala ndani yake. Lilipita kwa mikono, kutoka tela hadi tela, likisomwa kwa sauti kwa wazee wasiojua kusoma. Novemba 2021 serikali ilizifuta sheria zote 3.

Hatusemi kwamba gazeti la kurasa 4 lilifuta sheria. Lililozifuta ni umoja na uvumilivu wa mwaka mzima. Lakini umoja huo ulihitaji mahali pa kujisoma, na wakulima hawakungoja kusomewa na wengine.

JINA HILO LIMEFIKA KWETU

Julai 2024 habari zilivuja Kenya kwamba kampuni ya Adani inapendekeza kukodishwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kwa miaka 30. Wafanyakazi wa uwanja hawakuitwa kuelezwa, walijua kwa karatasi zilizovuja. Tarehe 11 Septemba 2024 Chama cha Wafanyakazi wa Usafiri wa Anga cha Kenya kiligoma, ndege zikalala, na siku hiyohiyo serikali ikaketi nao mezani. Novemba 21, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki Adani kwa madai ya hongo, ambayo kampuni yake iliyakanusha, Rais William Ruto alitangaza kuufuta mpango huo. Mwaka huohuo wa 2024 kampuni hiyo ilipata mkataba wa miaka 30 wa kuendesha gati la makontena katika bandari ya Dar es Salaam, ambayo kwayo hupita mizigo ya nchi zetu zisizo na bahari.

Angalieni tofauti. Waandishi wa Delhi walisikia wameuzwa, mashuhuri wakajiuzulu mmoja mmoja. Wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi walisikia wanataka kuuzwa, wakasimama pamoja siku moja. Uhodari wa waandishi wa Delhi hauna shaka. Walichokosa ni chama.

FUNZO

Kwanza, tusiwatukane vijana wa kamera. Wanapokuja kwenye migomo yetu tuwape maji, tuwaulize habari za mishahara yao, na tuwaeleze njia ya kujiunga na chama. Mwandishi mwenye chama huweza kumwambia mhariri hapana, na kesho akawa bado kazini.

Pili, chama cha watu wa habari kiwe cha wote: mtangazaji, dereva, fundi na yule wa mikoani anayelipwa kwa kipande. Chama cha wenye majina peke yao hakimtetei aliye nyuma ya kamera.

Tatu, wafanyakazi wa kampuni yoyote wana haki ya kujua madeni ya tajiri wao. Katika mkataba wa pamoja tudai kuambiwa mapema kampuni inapowekwa rehani au kuuzwa, na tudai kwamba mnunuzi arithi mikataba yetu pia, si mashine peke yake.

Nne, tulinde taarifa kama hii unayoisoma. Makhan Singh, mtoto wa Punjab aliyejenga chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Alijua kwamba chama kisicho na karatasi yake husemewa na wengine. Wakoloni walimfunga kuanzia 1950 hadi 1961. Karatasi yetu ni ndogo, na wino wake huchafua vidole. Lakini inalipwa kwa michango ya wanachama, na hakuna mtu mwenye hati yake mfukoni.

Yule kijana wa kamera tulimtafuta tena. Alikuwa ameacha kazi, anaendesha bodaboda. Picha za mikono ya yule mama, alisema, zilibaki ofisini. Tulijilaumu kwamba siku ile alipotupigia simu tulipokea radhi yake, tukamshukuru, tukakata simu. Tulipaswa kumwambia aje tawini, na awalete wenzake.

Ndugu wafanyakazi, akipiga simu mwingine, tusikosee tena.

Umoja ni nguvu.